Maganda Yaliyobaki Chini ya Kitanda

Hidaya mwanangu,

Barua tulizofundishwa shuleni huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Hii siwezi kuianza hivyo. Wewe hujafika mbali, umekwenda Mchikichini tu na Nasra kuchagua masweta ya baridi ya Makete, na hofu yote mmeiacha hapa uani na mimi. Nimekaa stoo kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, naandika nyuma ya karatasi za oda. Mkono umekwisha kuharibu karatasi mbili. Mkono huu huu wa Mjomba Rangi, uliowahi kuchora maua mia mbili kwenye kitambaa kimoja nikiwa nimefumba macho. Hayo ya kufumba macho si kweli, na maua yalikuwa arobaini. Leo nikiandika uongo nitarudi nyuma niufute, ndiyo maana barua itakuwa ndefu.

Mambo ya blanketi, maji ya kuchemsha na mtu wa kukaa naye kwenye basi kesho alfajiri sitayagusa. Mama Nasra amekwambia yote tangu juzi, na amekufungia visheti. Mlango wake unatazamana na wetu, mwanawe ndiye aliyeumia, na bado yeye ndiye anayekufungia safari. Shida yangu iko hapo hapo. Lakini nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikianzia karibu nitakimbia.

Unakumbuka siku ulipoleta maganda ya vitunguu mara ya kwanza? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, mama yako, dada yangu, ana mwaka wa tatu kaburini, na mimi bado sijui mtoto wa kike anasukwaje. Ulitoka shule ukapitia sokoni, ukaingia uani umekunja sketi ya shule, imejaa maganda tele.

"Nani kakupa takataka?" nikakuuliza.

"Si takataka, Mjomba. Wauza vitunguu wanayakanyaga tu. Hebu yatazame juani."

Ukayachemsha kwenye sufuria iliyong'oka mpini, ukaomba kipande cha shabu kwenye rafu yangu ili rangi ishike, ukatumbukiza fulana yangu iliyochoka. Ikatoka na rangi ya bangili za dhahabu za yule mama wa Kihindi anayetuuzia vitambaa. Mimi mpiga batiki, mrudisha rangi wa mitumba yote ya Mchikichini iliyopauka, nilisimama mdomo wazi. Kisha nikakumbuka mimi ni nani, nikacheka.

"Hiyo rangi ya jua moja. Ikifuliwa mara tatu inakwenda zake."

"Si tutachemsha tena? Kwani vitunguu vitaisha Kariakoo?"

Nikaikamua fulana, nikaianika.

Baadaye watoto wa nyumba nzima wakawa wako. Mama zao wako sokoni, wewe umerudi shule, unawaketisha kwenye mkeka pembeni ya jiko. Wanakuletea kokwa za parachichi, unazichemsha polepole hadi maji yanakuwa ya waridi, na ningekuwa sikuona kwa macho yangu ningebisha. Mnakamua ndimu kwenye maji ya choya, yale maua makavu ya juisi, zambarau inageuka nyekundu, wanapiga kelele hadi fundi cherehani wa jirani anachungulia. Mnatia magadi kidogo kwenye manjano, inakuwa kama damu ya mzee, mlivyokuwa mnaiita. Na kabla ya kutumbukiza kitambaa mlikuwa na ile desturi yenu. Wewe unachovya kidole, unaonja, unasema, "Kila kilicho kwenye sufuria yetu kimetoka jikoni." Kisha kila mtoto anachovya chake na kusema amepata nini. Chungu. Chachu. Hamna kitu. Nasra alikuwa na miaka minne, mdogo kuliko wote, na yeye kila rangi aliiita tamu. Hata manjano. Hata maji ya maganda ya komamanga, yanayokunja ulimi kama kamba.

Sasa nisikilize. Zamani watoto hao walikuwa wangu. Walikuwa wanakaa miguuni pangu nachemsha nta, nawasimulia nilivyofua shati langu jipya pale Feri, rangi ikatoka, bahari ikawa ya samli, na siku hiyo samaki wakapigwa mnada wakiwa wa njano na wateja wakagombana wakidhani wameungwa tayari. Wanacheka, wananiomba tena. Ulipoanza maganda yako, walihama. Nasimulia Feri, nageuka, nimebaki na paka. Nilikuonea wivu, Hidaya. Mtu mzima mwenye ndevu, nimeonea wivu maganda ya vitunguu. Sijawahi kumwambia mtu, na nikiliandika naona aibu hata mbele ya karatasi.

Ile Jumamosi, miaka tisa iliyopita, vitambaa vya wiki iliyotangulia vilikuwa kambani, na kimoja kimepauka. Kuna mtoto alilalamika, "Dada, changu kimekuwa cheupe." Nilikuwa nalisubiri neno hilo kama mwenye njaa. Nikatoka stoo, nikasema, "Leo mtaona rangi isiyojua kuondoka." Wewe ukacheka, ukasema, "Haya Mjomba, tuonyeshe," ukaenda kununua mkaa. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulicheka vizuri tu, bila dharau. Nataka ujue hilo nalikumbuka.

Kwenye meza ya jikoni kulikuwa na kile kikombe chako chekundu cha plastiki, umeloweka shabu. Nilikitaka kikombe. Sijui kwa nini nilikitaka hicho wakati stoo nina makopo ishirini. Ninajua. Nilitaka watoto waone ninatumia kikombe chako kufanya kilichokushinda. Nikamwaga shabu yako kwenye mfereji wa uani. Nikachota kostiki kwenye kopo langu, ile chumvi kali ya kuyeyushia rangi ya batiki, ambayo kwenye mfuko wake imechorwa mkono unaoliwa, na mchoro ule niliuelewa vizuri kabisa. Nikaikoroga kwa maji. Kikombe kikapata moto mkononi kama chai. Nikakiweka mezani kipoe. Kostiki ikiyeyuka huwa nyeupe kama maji, hutaijua.

Halafu nikaenda kijiweni kuwaita wenzangu wa kahawa waje waone Mjomba Rangi anavyomshinda mwanafunzi. Nilikwenda hatua thelathini tu. Lakini nilipofika walikuwa wanabishana habari za samaki, na mimi samaki nina habari yao. Nikakaa. Nikasimulia Feri. Nilikuwa nje kwa urefu wa hadithi moja.

Nasra alikionja kile kikombe kwa funda badala ya kidole, na hakusema tamu. Alitoa sauti ambayo mpaka leo bomba la maji likikatika na kukohoa, nasimama.

Nilipoingia uani, jirani mmoja alikuwa amemwinamisha, anataka kumtia kidole kooni atapike. Nikapiga kelele, "Msimtapishe, ni kostiki." Nikambeba, wewe ukaingia na mkaa wako, ukautupa, tukapanda bajaji wote. Hospitali daktari akauliza mtoto kanywa nini, nikajibu kabla swali halijaisha. Daktari akasema kujua mapema kumemsaidia. Mama Nasra alikuja mbio kutoka sokoni na kanga moja, akanishika miguu. Watu wakasema, huyu mjomba ana akili, alijua palepale.

Mlango ulikuwa hapo, mwanangu, na ulikuwa wazi. Nilijuaje? Kikombe kilikuwa chako, kilikuwa na maji meupe, na ndani yake uliloweka shabu. Ningewezaje kujua ni kostiki? Watu wote wale, na daktari, na wewe mwenye kichwa kuliko sisi wote, hakuna aliyeuliza.

Wewe uliuliza kitu kingine. Jioni tuliporudi ulinikuta humu stoo, ukasimama mbele ya rafu. Makopo mawili ya maziwa ya unga, moja la shabu, moja la kostiki, yote meupe ndani. Uliyagusa kwa kidole kimoja kimoja. Ukasema, "Mjomba, umemwambia daktari kostiki. Basi nilichota kopo la kulia. Nilidhani nimechota la kushoto."

Ungesikia hapana moja tu. Mdomo wangu huu, unaoweza kusema mpaka kahawa ikapoa, ungesema hapana. Badala yake niliusikia mdomo huo ukisema, "Si niliwahi kukwambia makopo hayo yanafanana."

Sikuwahi kukwambia. Na wewe hukuchanganya makopo. Ulichota shabu, kopo la kushoto, kama ulivyochota miaka minne yote. Ninajua kwa sababu nilipoimwaga vipande vitatu vilikuwa havijayeyuka. Wakati umetoka humu, umekwenda kupiga magoti kwa Mama Nasra, nilikwenda mferejini nikavitafuta kwa mkono. Vilikuwepo, vinang'aa. Nikavitupa chooni.

Nimeandika. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi, bado yameandikwa.

Sasa unaweza kusoma upya miaka tisa. Ile hadithi ya Mjomba aliyemwokoa mtoto, kwamba nilikimbia nimembeba mpaka nikaipita bajaji, kwamba nilimwamuru daktari, kwamba muuguzi alinipa mkono akaniambia ungesoma ungekuwa mganga mkuu. Nimeisimulia harusini, msibani, kijiweni. Kila nilipofika pale pa kukimbia, wewe uliinuka ukaenda kuosha vyombo. Mara nyingi vilikuwa safi. Nilikuona, na niliendelea kusimulia, maana ningenyamaza watu wangeuliza kwa nini. Ulipochagua chuo cha ualimu wa watoto wadogo walikupongeza, wakasema ana moyo huyu. Mimi nilijua unatumikia kifungo changu.

Nilikuwa nadhani uongo wa bahari ya samli haumuumizi mtu, na hata sasa sidhani unamuumiza. Ila ulinizoeza mdomo. Siku ulipohitajika ukweli, mdomo ulijua njia moja tu, ukaenda peke yake, na mimi nikaufuata nyuma nikiuangalia. Niliwahi pia kukwambia niliacha darasa la sita kwa sababu nilimzidi mwalimu. Nilivunja dirisha, akaadhibiwa mwingine, nikaogopa kurudi. Unaona ni jambo lile lile. Nilidhani ukikimbia kosa dogo linakuacha, kumbe lilikwenda kujifunza, likarudi kubwa.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Nilipanga hivyo. Kilichonivunja ni juzi, mlipokuwa mnapanga begi na mimi niko koridoni najifanya natengeneza taa. Nasra akakuuliza kwa ile sauti yake iliyokwaruzwa, "Dada Hidaya, huko kwenye chekechea utawafundisha rangi ya maganda?"

"Kuna rangi za dukani."

"Za dukani hazionjwi."

Nilisikia ukikung'uta nguo, ukaikunja. Kisha ukasema, "Mimi sichemshi tena kitu mbele ya mtoto, Nasra. Nimeshawaambia huko wanipe kazi ya ofisini nikifika, madarasa wachukue wengine. Mkono wangu si wa kuaminiwa."

"Mimi nauamini," akasema. "Ulinisuka jana na sijafa."

Mkacheka. Mimi niliegemea ukuta, taa ikaniponyoka. Uliuliza ni nini, nikasema panya mkubwa kama mbuzi. Hakukuwa na panya.

Jana Nasra ametoka sokoni na mfuko wa sandarusi umejaa maganda ya vitunguu, mekundu na ya kahawia, amechagua makavu, ametoa udongo. Zawadi ya safari. Ulimshukuru, ukamkumbatia. Leo nimeingia chumbani kwako kufunga dirisha, begi limefungwa kamba, na mfuko uko chini ya kitanda, umesukumwa mpaka ukutani.

Basi nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikuwa nimeogopa kupigwa, kufukuzwa nyumba hii, kupelekwa polisi, Mama Nasra asinipikie tena pilau ya Idi. Hizo zilikuwa hofu za mtu anayejijali. Hii ya leo ni nyingine. Niliona utafika Makete, utakaa nyuma ya meza na mafaili, wewe uliyetoa dhahabu kwenye takataka, na watoto watapita dirishani na hutawaita. Na utazeeka hivyo. Mimi nitakuwa nimekufa kitambo na bado nitakuwa nakufanyia hayo.

Leo mchana nilijaribu kuanza na Mama Nasra, maana yeye ana haki kabla yako. Nilibisha. Akafungua, akapangusa mikono, akasema, "Karibu, mwokozi wangu." Nikaomba chumvi. Nimerudi na chumvi, hii hapa mbele yangu kwenye kisosi, na chumvi tunayo kilo nzima.

Kuna neno moja la kazi ambalo nataka kukwambia na naogopa utalipokea vibaya. Ile desturi ya kuonja usiirudie. Sisemi hivi ili tugawane kosa. Kosa ni langu, lote, kuanzia kikombe mpaka mfereji. Nasema tu kwa sababu nimelifikiria usiku mwingi kuliko mtu yeyote. Wewe ulijua kilichomo kwenye sufuria yako, na mtoto alikuamini wewe. Hukujua kwamba uani mwako kuna mtu kama mimi. Na kwenye kila ua kuna mtu kama mimi, anapita, anajisifu, anaazima kikombe dakika moja. Wanuse, wagusane rangi mikononi, wapakane usoni. Ulimi uwe wa chakula. Na vyombo vya rangi vitie alama, viwe vya rangi tu mpaka vife. Hayo ningeyafahamu mapema Nasra angekuwa anaimba. Alikuwa anaimba, unakumbuka. Sasa ugali anaumeza na mchuzi mwingi, polepole, wenzake wameshanawa.

Ninachoogopa sasa hivi nakiandika kama kilivyo. Naogopa utasoma mpaka hapa, utanitazama, na hutasema kitu. Matusi nitayaweza. Naogopa utaondoka alfajiri bila kuniamsha. Naogopa hutaniita Mjomba tena, na mimi jina hilo ndilo kazi pekee niliyowahi kuifanya nikaipenda, hata kama niliifanya vibaya. Naogopa pia kinyume chake, kwamba utanisamehe haraka kwa kuwa umezoea kubeba. Usinisamehe haraka. Nakuomba tu uamini jambo moja kabla hujaamua lolote juu yangu, kwamba kopo lilikuwa la kushoto. Mkono wako haukukosea. Hata siku moja haukukosea.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii ndani ya begi, katikati ya nguo, uikute umeshapita Iringa. Nilishaikunja hata. Nikajiona nilivyo, nimerudi mferejini natafuta vipande. Ukiikuta huko utalia peke yako kati ya watu usiowajua, na mimi huku nitakuwa nasimulia kijiweni jinsi mpwa wangu alivyoondoka kwa heshima. Kwa hiyo nimeikunjua. Nitakupa mkononi, leo, jua bado lipo, ili kama kuna cha kunirushia unirushie nikiwa nimesimama mbele yako. Ukimaliza kuisoma nitaichukua, nitavuka korido, nitamsomea Mama Nasra mbele ya mwanawe. Nikisema kwa mdomo nitaongeza bajaji. Nikisoma nitafuata kilichoandikwa. Chumvi yake nitamrudishia hapo hapo.

Mfuko wa maganda nimeutoa chini ya kitanda na kuuweka juu ya begi lako. Sikuufunga ndani. Hilo utaamua mwenyewe.

Mlango wa mbele umelia. Nasikia kandambili zako koridoni, na nyuma yake hatua za Nasra, anacheka, anakwambia sweta la kijani limekufanya kama hoho. Sasa amechungulia stoo. Anasema, "Shikamoo, Mjomba," na sauti inakwaruza pale pale inapokwaruzaga siku zote, na miaka tisa nimemwitikia huku natazama pembeni.

Naweka kalamu nimtazame, nimwitikie. Halafu nakuletea hii.

Mjomba wako, kama bado utalitaka jina hilo.